Kipande cha Nassibu

Wifi yangu Naima si mtu wa kudai. Miaka ishirini na mbili aliyoishi na kaka yangu Nassibu hapa Milola sikumsikia akidai kanga, wala kiatu, wala haki yake shambani. Kwa hiyo siku alipodai kitu kwa mara ya kwanza maishani mwake, ukoo mzima tulishtuka. Alidai ini la mumewe.

Nieleze vizuri, maana hata mimi nilidhani amechanganyikiwa.

Nassibu alifariki mwaka juzi, msimu wa korosho. Alianza kuchoka wakati wa kupulizia mikorosho, tukasema ni ile dawa. Tumbo likajaa, tukasema karogwa, na mtu wa kumsingizia tulimpata siku hiyo hiyo. Kwa hilo sisi hatujambo. Macho yalipogeuka njano ndipo tukampeleka Lindi, na Lindi wakatutuma Dar es Salaam. Huko walimchoma sindano ubavuni, wakachukua kipande kidogo cha ini kwenda kukipima. Wakasema ni saratani, imeletwa na homa ya ini ya virusi, na virusi hivyo huenda alikuwa navyo tangu utotoni bila kujua.

Miezi mitatu baadaye tulimzika. Wanaume walimwosha, wanaume wakambeba. Naima aliambiwa akae ndani, hata uso wa mumewe hakuonyeshwa, kwa sababu kaka zangu walisema atapiga mayowe. Naima, ambaye hata kujifungua amejifungua kimya! Nilikuwepo nikanyamaza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Tangu hapo anamtamani mumewe kwa namna yake. Ming'oko, kwa mfano, haipendi hata kidogo, anasema inamkaba. Aliyeipenda ni Nassibu. Lakini kila kiangazi Naima anabeba jembe, anaingia porini, anachimba ile mizizi, anachemsha na chumvi, kisha anakaa mlangoni anakula mmoja mmoja huku amekunja uso. Siku moja nilimwambia, "Wifi, hiki chakula au adhabu?"

Akanijibu, "Mdomo wangu unaukumbuka wake."

Mimi nina mdomo mrefu, kila mtu Milola anajua, lakini siku ile nilicheka tu kwa aibu. Naima akaacha kutafuna, akanitazama. Watu husema nikicheka ni Nassibu mtupu.

Mwaka huu, baada ya mfungo, alikuja daktari mmoja kutoka Dar, Stefania jina lake, binti wa Kimatumbi, mzaliwa wa Kipatimu. Aliingia uani kwetu akapiga goti. "Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Alikuwa anafanya utafiti juu ya saratani ile, akataka kutupima damu watu wa nyumba moja na marehemu. Tukapimwa. Naima hana virusi. Mimi ninavyo.

Daktari akauliza maswali mengi ya utotoni, tukafika kwa bibi yetu mzaa baba. Bibi alikuwa na desturi yake. Wajukuu wakianza kutambaa aliwachanja chale kifuani na kwenye viungo, akawapaka dawa ya kinga. Wembe ulikuwa mmoja, mtoto baada ya mtoto, na hakukubali abadilishiwe. Alisema ndugu wa damu moja wachanjwe kwa wembe mmoja, wasije wakatengana ukubwani. Daktari aliandika, akasema hawezi kuapa kuwa ni wembe ule, lakini njia kama hiyo inawezekana kabisa. Maskini bibi yetu, alitupenda. Na kweli hatukutengana, mimi na Nassibu.

"Sasa kile kipande cha ini la marehemu," daktari akaendelea, "ndicho tunachokisoma."

Naima aliinua kichwa. "Kwani bado kipo?"

"Kipo, mama. Kimehifadhiwa ndani ya nta. Mwenyewe aliridhia, akaweka sahihi."

"Kwa hiyo tumemzika hajatimia."

Daktari alijitahidi kumweleza. Alisema ndani ya kila chembe ya mwili kuna maandishi ya urithi, yanayoiambia lini ikue na lini iache kukua. Kirusi kinaweza kuyaharibu maandishi yenyewe. Lakini mara nyingine maandishi yanabaki mazima, ila juu yake zinawekwa alama ndogo ndogo zinazoyafunga yasisomeke. Yale yanayosema acha kukua yakifungwa, chembe inaendelea kukua tu, mpaka inakuwa saratani.

"Kama mtu anayebandika karatasi juu ya tangazo la zahanati," Naima akasema. "Tangazo lipo, ila hulisomi."

"Hasa, mama."

"Na karatasi ukiibandua?"

"Maandishi yanasomeka tena. Ndiyo tunatafuta namna ya kuzibandua, na namna ya kuziona mapema kwa mtu ambaye bado hajaugua." Hapo akanitazama mimi.

"Basi zibandueni kwenye hicho kipande," Naima akasema.

"Mama, kile kimeshakufa."

"Najua, mwanangu. Nimeuliza tu."

Usiku ule hakula, na kulipokucha akatangaza kwamba anakitaka kipande kirudi, kizikwe pamoja na mwenyewe. Tuliteta wiki tatu. Mimi sikutaka kirudi, na sioni haya kusema. Nimeambiwa nina virusi vile vile, nimepewa vidonge vya kumeza kila siku na kadi ya kwenda Lindi kupimwa ini kila baada ya miezi sita. Nikamwambia waziwazi, "Unamtafutia maiti sanda wakati mimi mzima nakufa!" Akanijibu taratibu, "Hata kumwosha sikumwosha, wifi."

Tukaenda kwa Shehe Rehani atuamue. Alifikiri sana, akasema, "Kikirudi, kizikeni. Kisiporudi, Mungu anajua kilipo." Kila mmoja wetu akaondoka anadai kashinda.

Daktari Stefania hakubishana. Aliandika barua za kuomba ruhusa, na siku ya siku akatuita mjini Lindi. Tulipanda basi la asubuhi, tukakaa viti mbalimbali. Katika chumba kidogo chenye meza na feni alitoa kisanduku, akakiweka mbele ya Naima. "Mama, ni haki yako. Nisingependa kukuficha: tumekata vipande vichache tu, kazi haijaisha. Ukikizika, kwa familia hii tutaishia hapo."

Ndani mlikuwa na kibonge cha nta nyeupe, kidogo kuliko kipande cha sabuni ya kuogea, na katikati yake nyuzi mbili za kijivu, fupi kama punje za mchele. Hicho tu. Naima alikisogeza karibu.

"Maji yanakidhuru?"

"Hapana, mama. Kidogo hayana neno."

Akaomba maji kwenye kikombe. Akasema bismillahi, akakidondoshea upande wa kulia, akakidondoshea upande wa kushoto, mara tatu, kama anavyooshwa maiti. Kisha akatoa kifuani kitambaa cheupe alichokuja nacho, akakikausha, akakikunjia humo kwa utaratibu, na machozi yakamtoka bila sauti. Daktari aligeukia dirishani.

"Shika, wifi," Naima akaniambia. "Muage kaka yako."

Nikakipokea. Kilikuwa chepesi, hata uzito hakina. Nikamkumbuka Nassibu akinibeba mgongoni kuvuka mto, tukiwa wadogo, vifua vyetu vina makovu ya aina moja.

"Haya. Sasa mpe daktari."

Nilidhani sijasikia sawasawa. Mimi niliyepiga kelele wiki tatu kibaki Dar, nilikumbatia kile kitambaa. "Hapana," nikasema. "Twende naye nyumbani. Tukamzike, wifi, nakuomba."

Naima alinishika mkono, akaanza kunifungua vidole, kimoja kimoja, kuanzia kile kidogo.

"Mumeo huyu," nikamwambia.

"Mume wangu. Lakini nikimzika yeye leo, na wewe nikakuzika kesho," akasema, "nitakisikia wapi kicheko chake?"

Vidole vyangu vikaisha. Nikampa daktari.