Muuzaji Aliyesema Amina

Mimi simwamini mtu anayeniuzia kitu bila kunitazama usoni. Nikitaka kununua hata pasi mtandaoni, nasoma maneno ya wote walionunua kabla yangu nikitafuta aliyelalamika, na nisipompata ndio nashuku zaidi. Wenzangu katika duka la vitambaa hapa Eldoret hunicheka. Wanasema mvua ikinyesha nitauliza nani ameituma. Wacheke tu.

Kwa hivyo mama aliponionyesha kwenye simu mashine ya kuangulia vifaranga, niliangalia bei kwanza. Ilikuwa nusu ya bei ya madukani.

"Mama, rahisi ni ghali. Huyu ni mwizi."

"Kwani umemwona?"

"Si ndiyo shida hiyo! Nani amemwona?"

Mama ni mjane, anafuga kuku kule Kiplombe. Alikuwa ameuza karibu kuku wote ili apate hiyo mashine, akabaki na mayai kwenye trei chini ya meza, na mayai ya kuangua hayangoji sana. Mashine ikikosa kuja, hana kuku wala vifaranga. Nilijua hivyo, ndiyo maana nilikuwa mkali.

Muuzaji alisema duka lake liko Cheptiret. Nikamwambia mama asitume chochote mpaka niende nilione, na tulipe mashine ikiwa mbele yetu. Akakubali.

Jumamosi nikaenda. Nikauliza fundi wa baiskeli, nikauliza mama wa mboga. Nikaingia hata kwa muuza dawa za mifugo, maana huyo angekuwa wa kwanza kujua. Walinitazama kama mimi ndiye tapeli. Duka kama hilo halikuwepo.

Nikampigia mama hapo hapo kando ya barabara. Akapokea kwa furaha.

"Mashine iko njiani!"

"Mama, umetuma pesa?"

Akaanza kunieleza.

Ilikuwa hivi. Yule mtu alimpigia, mama akamwambia mimi nimemkataza. Hakubishana hata kidogo. Akasema, "Mama, mtoto wako anakupenda. Basi tuombe kwanza." Sasa, sisi watu wa western, magharibi mwa Kenya, kwetu simu haikatwi bila maombi. Mama humwombea hata mtu aliyekosea nambari. Akafumba macho. Yule mtu akaombea kuku, akaombea mayai, akaniombea mimi safari yangu ya Cheptiret. Wakasema amina pamoja, mama akafungua macho na kutuma.

Ai! Nilifoka mpaka watu wakageuka. Nikampigia yule mtu, simu imezimwa. Nikapigia kampuni ya simu wazuie pesa, nikaambiwa zimeshatolewa. Laana nilizomtupia huyo mwombaji sitaziandika hapa.

Mayai tuliyachemsha, tukayala. Mama hakulilia pesa. Alikuwa akimenya yai lake polepole, akasema, "Lakini aliomba vizuri. Hiyo ndiyo inaniuma."

Siku hizi mama hadanganyiki. Nambari ngeni hapokei. Hata mimi, nikipiga kwa nambari yangu mwenyewe, ananiuliza kwanza tulikula nini Jumapili. Nilimfundisha mimi, na moyoni nilijisifu: sasa mama yuko salama. Ila anauliza habari, anasema haya, anakata.

Juzi nilikuwa hospitali nikisubiri kupasuliwa, na nilikuwa naogopa sana. Nikampigia. Nikajibu swali la Jumapili: kunde na ugali.

"Mama, niombee."

Nilimsikia akitafuta viatu vyake.

"Nakuja," akasema. "Nikikuona kwa macho nitakuombea. Kwa simu siombi tena."

Muuguzi akaniita kabla hajafika.