Nilichagua mtoto wa mbwa "mwenye adabu" pale Malindi, kumbe mgonjwa

Wakuu, hamjambo nyote? Mlio na umri wa wazazi wangu, shikamooni.

Haya yamenipata mwenyewe. Nikitia chumvi, watu wa Sabaki wamo humu ndani na watanisuta, kwa hivyo sithubutu.

Mimi ni fundi wa mafriji, naishi Malindi mjini. Mamangu anakaa Sabaki peke yake kwenye shamba lake la minazi na mihogo, na mbuzi wake. Baba alishatangulia.

Mwaka jana mama alikwenda mazishini kijiji cha pili. Aliporudi alasiri, mbuzi watatu hawapo. Kamba zimekatwa kwa kisu. Mchana kweupe!

Kakangu mkubwa yuko Mombasa. Aliposikia akaja juu: mama hakai tena pale, anahamia kwake, ghorofa ya nne.

Mama akaniita kando. "Mwanangu, nikipelekwa kule nitakufa siku si zangu. Fanya ufanyalo."

Nikamwomba kaka anipe mpaka Ramadhani ipite, nimwekee mama mbwa wa maana. Akacheka sana, lakini akakubali.

Sasa hapo ndipo pagumu. Sisi ni Waislamu, na mama swala tano hazimpiti. Mate ya mbwa yakigusa nguo, unaiosha mara saba, moja kwa udongo. Kwa hivyo akatoa masharti: mbwa akae bandani, asimrukie, asimlambe, na barazani asikanyage. "Akinichafulia kanga ya kuswalia mara moja tu, mrudishe ulikomtoa."

Nikatoka kutafuta mbwa nikiwa na jambo moja tu kichwani: asiyelamba watu.

Jamaa mmoja, Kitsao, mlinzi wa nyumba fulani Malindi, alikuwa na watoto wanne wa German Shepherd. Manyoya tele, wazuri mashallah. Lango lilipofunguliwa watatu wakanijia mbio, ndimi nje. Nikarudi nyuma upesi kuliko nilivyoingia.

Wa nne kajikalia pembeni kimya, kichwa chini. Nikapiga makofi. Akaniangalia, akageuka zake.

Nikajiambia, huyu ndiye. Kitsao naye akaunga mkono: "Huyo mpole sana, hata chakula hapiganii."

Hata chakula hapiganii! Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikafurahi.

Nikamtia kikapuni, nikapita kwa daktari wa mifugo apate chanjo. Daktari ni dada wa Kigiriama, anaitwa Dama, hana maneno mengi. Akafunua mdomo wa yule mtoto, akaniita nitazame. Ufizi mweupe kama karatasi. Tumbo limevimba, limekaza. Macho yana tongotongo.

"Umempendea nini huyu?"

Nikamwambia, ana adabu.

Dama akanitazama weee. "Kaka, huyu hana adabu. Hana nguvu. Minyoo imemmaliza damu. Mtoto wa mbwa asiyekuja kukunusa ana jambo. Adabu utamfunza wewe, afya aje nayo."

Aibu niliyoona, wallahi!

Akaendelea kunihoji. Mamake nilimwona? Sikumwona. Ana wiki ngapi? Sikuuliza. Anakwenda kukaa wapi? Sabaki. Hapo akacheka kabisa.

"Na koti hili? Huyu wa kukaa Limuru kwenye baridi. Joto la Sabaki litamtesa, na kupe watajificha humu mpaka umchoke."

Nikamwacha pale atibiwe. Siku tatu nzima simu ikilia moyo wangu unaruka. Nilimhurumia, ndiyo, lakini pia nilijua kaka akisikia mbwa kafa hata Sabaki hajafika, mama atafungashwa wiki hiyo hiyo.

Siku ya nne Dama akapiga: kala, kasimama. Alhamdulillah! Nilipokwenda kumwona alinirukia, akanilamba mikono, suruali, mpaka viatu. Kumbe ndiye mtundu kuliko wote wanne! Nikarudi nyumbani kuosha mara saba huku nacheka peke yangu. Dama alimpeleka kwa dadake huko bara kwenye baridi, na yuko salama.

Mara ya pili sikwenda peke yangu. Dama alinipeleka Kakuyuni kwa mkulima mmoja mwenye mbwa jike chotara, manyoya mafupi, anayeshinda na mbuzi. Nikaanza kumtazama huyo mama mbwa kwanza. Tulipofika alibweka, mwenyewe alipotukaribisha akanyamaza. Hapo nikapapenda.

Watoto walikuwa watano, wameshaacha kunyonya. Nikatazama fizi, macho, masikio, hata chini ya mkia. Nikaangusha funguo ghafla nyuma yao. Mmoja wa rangi ya kahawia akaruka kwa hofu, kisha akarudi mwenyewe kuzinusa. Nikamchukua huyo. Akanilamba mkono na nikamwachia.

Mwezi ule nikahamia kwa mama. Kila jioni nikitoka kazini tunakaa pale kwenye ngazi ya baraza, mimi na mbwa. Akikanyaga, namshusha. Akikaa chini, anapata kichwa cha samaki. Alinichosha, msione hivi. Lakini mwisho akawa akifika ngazini anakaa mwenyewe.

Miezi ikaenda, mbwa akakua, Ramadhani ikapita. Jumapili moja kaka akatokea bila taarifa, ana mifuko miwili mikubwa mitupu ya kutilia nguo za mama. Mama ndiyo kwanza kasimama kuswali adhuhuri. Mimi nilikuwa nyuma nafunga mabati ya banda.

Kaka alipofungua mlango wa gari, mbwa alikuwa keshafika. Hakumng'ata. Alisimama tu mbele yake akabweka kama anamdai jina. Kaka akajifungia, akapandisha vioo.

"Mwite mbwa wako!"

Nikamwambia mbwa ni wa mama, na mama anaswali.

Mama hakuharakisha hata kidogo. Akamaliza faradhi, akaswali sunna, akavuta tasbihi, akaomba dua ndefu. Ndipo akatoka barazani, akasema, "Basi." Mbwa akakaa.

Kaka akashuka amelowa jasho. Mama akamuuliza, "Umekuja kunichukua?"

Kaka akatazama mbwa, akatazama mbuzi, akamtazama mama. "La, mama. Nimekuja kula."

Nilikwenda nyuma ya banda nikatoa machozi, siwafichi. Jioni kaka aliondoka na ile mifuko yake, mama kamjazia nazi na mihogo.

Basi wakuu, mkienda kuchagua, msimpende mtoto kwa kuwa katulia. Mfunueni mdomo, mtafuteni mamake, na mkumbuke joto la kwenu. Mnaofuga huku pwani, semeni hapa mnapambana vipi na kupe msimu wa mvua, maana hao bado wananishinda.