Mjomba Chini ya Wapishi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutaka majina kwenye orodha yateleze kama kambale. Niliitengeneza orodha hiyo kwenye ukurasa wa mtandao wa ofisi ili bosi wangu, Mama Koku, apange kwa kipanya watakaombariki binti yake kwenye sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Mjomba wa bibi harusi hutangulia, la sivyo anasusa. Katika kujaribu, nilimvuta mjomba hadi chini, nikawapandisha wapishi. Nilisahau kwamba ukiachia kipanya tu, mpango unajihifadhi.

Siku ya sherehe, ukumbini kule Mkolani, mshereheshaji akasoma karatasi iliyochapwa kutoka kwenye orodha ile: “Baraka za kwanza, wapishi.” Wakaingia wakicheza, miko juu.

Mama Koku akaninyooshea kidole. Mjomba akageuka. “Kijana, mimi niko chini ya sufuria?”

“Shikamoo, mjomba.”

Siku hizi jina halihami mpaka mtu abonyeze “Hifadhi”.