Washa ya Magneto na Wageni Wenye Njaa

Jamani, habari hii nilishaapa nitazikwa nayo, lakini kwa kuwa nusu ya watu wa mtaa wetu wa Mwembesongo wanaisimulia kila mtu kwa namna yake (kuna anayesema ndege ilidondosha injini, kuna anayesema nilikimbia nikajifungia chooni, na huyu wa choo hajakosea sana), afadhali niiseme mwenyewe, na mkicheka basi mcheke kitu cha kweli.

Mimi ni fundi wa ndege ndogo hapa kiwanja chetu cha Morogoro. Nina leseni, ni mama wa watoto wawili wakubwa, na marubani wananiita Fundi Mwana. Nawaambia haya ili mjue kwamba sikuwa mgeni wa kazi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Siku hiyo ilitua ndege ya injini moja, rubani wake Kapteni Faraji, imebeba madaktari watatu wa macho wakiongozwa na Dokta Komba, mzee mmoja mtaratibu ambaye ukimwamkia shikamoo anasimama kabisa ndipo aitikie. Walikuwa wanakwenda Mahenge, ambako wazee walikuwa wameshaletwa hospitali na wajukuu zao, wamekaa kwenye mabenchi wanasubiri kutolewa mtoto wa jicho. Kwetu walitua kuongeza mafuta tu. Kapteni alipotaka kuondoka akaijaribu injini kwanza, kama inavyotakiwa, ikaanza kukohoa. Injini kama ile ina magneto mbili, ya kulia na ya kushoto, ndizo zinazotoa umeme wa plagi, na rubani kabla hajaruka huzijaribu moja moja; sasa ya kulia ilikuwa nzima, lakini akibakiza ya kushoto peke yake ndege nzima inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Akazima, akashuka.

"Fundi Mwana, kushoto kumekufa."

"Hakujafa, kunaumwa," nikamjibu kwa maringo (ndiyo, nilisema hivyo, mbele ya madaktari). "Nipeni muda kidogo, mtaondoka kabla mawingu hayajashuka mlimani."

Shida ni kwamba nilikuwa sijanywa chai. Mama Shani, anayetuuzia chakula kwenye kibanda chake pale getini, alikuwa ameniletea hotpoti nzima ya maharage ya nazi pamoja na chapati, akaniambia pakua yako nitaifuata hotpoti baadaye, na mimi badala ya kupakua, kula, kunawa, halafu ndiyo nianze kazi, nikaona nile hapo hapo chini ya ndege, tonge mdomoni spana mkononi. Kikopo changu cha kuwekea nati kilikuwa bandani, upande wa pili wa uwanja, na jua lilikuwa kali. Kifuniko cha hotpoti kilikuwa kimelala chali pembeni yangu, cha duara, kina ukingo mzuri, utadhani kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Nikasema leo tu.

Kazi yenyewe ilikwenda kama maji. Nikachomoa nyaya za plagi, nikalizungusha pangaboi kwa mkono taratibu mpaka alama zikakaa pale zinapotakiwa kukaa, nikafungua nati mbili zinazoibana magneto kwenye injini, na kila nati ina washa zake, vile vipete vya chuma vinavyokaa chini ya nati, ile bapa na ile ya springi inayozuia nati isilegee. Zote nikaziweka kifunikoni. Magneto ikatoka, nikaziba tundu lake kwa kitambaa safi, nikaifungua, ugonjwa nikauona mara moja: platini, vile vidomo vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke, zimeungua. Nilikuwa na platini mpya, nikazibadilisha, nikaanza hata kuimba.

Mama Shani akaja mbio. "Mwana, nipe hotpoti yangu, wageni wana njaa."

Nikamimina nati na washa kiganjani, nikazitia mfuko wa ovaroli, nikampa kifuniko chake, akakibana juu ya hotpoti, akaondoka. Mimi nikaenda kunawa, nikapita kuwaambia madaktari kwamba ugonjwa umepatikana (maringo tena), nikarudi.

Nikapanga vitu vyangu juu ya gazeti tayari kuifunga. Nati hizi hapa. Washa bapa hizi hapa. Washa ya springi moja tu, badala ya mbili.

Nikapapasa mfuko. Nikaugeuza nje ndani. Nikapapasa mifuko mingine ambayo nilijua kabisa sikuweka kitu. Halafu nikainua macho nikatazama injini, na kumbe kile kitambaa nilichozibia tundu kilikuwa kimeteleza, kinaning'inia, nusu ya tundu iko wazi, na ndani ya tundu lile kuna gia za injini. Washa ikiingia mle, injini ikiwaka, gia zinaitafuna, na zikishaitafuna zinajitafuna zenyewe, na ndege inakuwa angani na watu wanne.

Nikachukua kamera yangu yenye waya mwembamba nikaipitisha tunduni, nikaona gia, nikaona oili inameremeta, washa sikuiona. Lakini kutoiona si kwamba haimo, kuna vichochoro mle ambavyo kamera haifiki.

Sasa niwaambie jambo moja. Kwenye sanduku langu nilikuwa na pakiti ya washa mpya, aina ile ile. Ningechukua moja, ningefunga, nani angejua? Niliichukua. Niliishika kati ya vidole muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, jasho linanitoka mgongoni, nawaona madaktari kule getini wanatazama saa, namsikia Kapteni anaongea kwa simu na sista wa hospitali ya Mahenge, "Sista, waambie wazee tunakuja, tunakuja sasa hivi." Halafu nikawaza hiyo ndege inapita juu ya msitu, na mimi nimekaa nyumbani nasubiri kusikia. Nikairudisha washa kwenye pakiti, nikampigia Mzee Kondo, bosi wangu, aliyekuwa Dar siku hiyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Nikamweleza.

"Mwana, isipopatikana, injini inashuka na kufunguliwa yote," akasema. "Mwambie rubani sasa hivi. Usimzungushe."

Nilipomwambia Kapteni Faraji, afadhali angenifokea. Hakufoka. Alivua kofia tu, akawaza, akasema, "Haya, tutafute," akaenda kuwatangazia madaktari kwa sauti ya kusikika kiwanja kizima kwamba fundi amepoteza kitu kidogo cha ndege na bila hicho kitu hakuna safari.

Hapo ndipo aibu ilipoota miguu. Wale madaktari wawili vijana wakaja wakapiga magoti nyasini na mashati yao meupe. Mlinzi akaja. Waendesha bodaboda wa getini nao wakaingia, maana wanapenda sana kusaidia panapokuwa na jambo la kutazama, na mmoja akawa anatafuta kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameshika simu anarekodi. "Wadau, tupo hapa airport Moro, fundi kapoteza nati ya ndege, tunaitafuta kwenye majani, muombeeni sana." Nikamwambia si nati, ni washa. Akarekebisha: "Wadau, ni washa." Hazikupita dakika nyingi dada yangu wa Gairo akanipigia, "Wewe, mbona nakuona kwenye status ya watu umeinama?"

Tukapekua nyasi kama watu wanaotafuta chawa. Ikapatikana hereni ya kutu, kifuniko cha kalamu, jino la kitana. Washa hakuna. Mmoja wa wale madaktari vijana akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, haiwezekani imeingia kwenye nguo zako?" Watu wote wakanigeukia. Basi nikaenda chooni (mnaona sasa choo kinapotokea), nikajifungia, nikavua ovaroli nikaikung'uta, nikavua ushungi nikaukung'uta, nikatoa soksi, nikavaa tena, na kusema kweli nikabaki mle ndani zaidi ya nilivyohitaji, nimeegemea mlango, natamani ukuta wa nyuma ungekuwa na tobo.

Nilipotoka mawingu yalikuwa yameshashika vilele vya Uluguru na Kapteni anayatazama. Akaniambia bila kugeuka, "Sista anauliza, wazee wapewe chakula walale, au wasubiri?"

Na hapo tukasikia kelele kutoka kibandani kwa Mama Shani.

Dokta Komba hakuwa ameinama nasi, kwa sababu ana vidonda vya tumbo na hatakiwi kukaa na njaa, kwa hiyo wenzake walimwambia ale. Alikuwa amekaa na sahani yake ya maharage, mkono mmoja ameshika shavu, mwingine ameutandaza, na kiganjani, kwenye rojo ya nazi, imekaa washa ya springi.

"Mama," anamwambia Mama Shani taratibu, kwa heshima zote, "nilihisi haya maharage yana ladha ya gereji, nikadhani ni kiungo."

Washa ilikuwa imenasa kwenye ukingo wa ndani wa kifuniko, na kifuniko kilipobanwa ikatumbukia chakulani. Ilimvunja Dokta kipande cha jino. Watu walicheka mpaka mwenye bodaboda akaangusha simu, na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni hakikuwa aibu, ilikuwa raha, raha ya kutaka kulia, kwamba haimo kwenye injini.

Raha ikakatika nilipoona uso wa Mama Shani. Alikuwa hacheki.

"Umeweka vyuma vyako vya oili kwenye kifuniko changu," akasema. "Na mimi nimewapa watu wakala."

"Mama Shani, nisamehe, sikujua kama..."

"Ulijua ni kifuniko cha chakula. Mimi hapa naishi kwa mdomo wa watu, Mwana. Kesho nani atakula kwangu?"

Dokta Komba ndiye aliyemjibu, huku bado ameshika shavu, "Mimi nitakula tukirudi. Sasa huyu dada aende akafunge ndege, wazee wananisubiri."

Nikanawa mpaka viwiko, nikahesabu kila kitu mbele ya Kapteni, nikaweka washa mpya (ile ya maharage nikaitupa), na nikaanza kuirudisha magneto. Kuirudisha si kuichomeka tu, cheche lazima itoke wakati ule ule unaotakiwa, ukikosea kidogo injini inapiga teke. Kuna kitaa kinachokuonyesha platini zinapofunguka. Nilipokaza nati magneto ikasogea, nikalegeza, nikaanza upya, nikapata, nikakaza, halafu sikujiamini nikapima tena. Hakuna aliyeniharakisha. Kapteni akawasha. Akabakiza ya kulia, sawa. Akabakiza ya kushoto, nikafumba macho. Injini ikaendelea kuunguruma sauti ile ile, tulivu. Akaninyooshea dole gumba.

Waliruka wakipitia upenyo uliobaki kwenye mawingu. Mimi nilikaa kwenye boksi la spana, simu pajani, sikuongea na mtu, mpaka ujumbe wa Kapteni ukaingia: "Tumefika. Wazee wameimba." Ndipo nikalia vizuri.

Asubuhi yake nilikwenda nyumbani kwa Mama Shani na hotpoti mpya. Aliipokea, akaifungua, akakipitisha kidole ukingoni mwa kifuniko, akaniangalia. Wiki ile watu walikuwa wanamuuliza kama leo kuna nati au bolti, na yeye anawajibu kwa kicheko cha mdomo tu, nami namwona. Nikawa nakula pale kila siku, mezani, mbele za watu, ili wamwone mtu anakula. Dokta Komba naye waliporudi alitimiza ahadi, akala sahani mbili, akitafunia upande mmoja, na kuanzia hapo wateja wakarudi.

Mimi sitaki tena ubishi na tumbo langu. Spana ikishaingia mkononi sili, sionji, hata maji nayasogelea baada ya nati ya mwisho kukazwa na kuhesabiwa, na kikopo changu nimekifunga kamba nakivaa kiunoni, kinagonga gonga nikitembea, watoto wa mtaani wananicheka wanasema fundi anauza karanga. Wacheke tu. Karanga hazijavunja jino la mtu.