Tulikwenda ziwani kuusalimia mti wa Bibi, tukarudi na gunia la makala

Wakuu, heshima kwenu. Niko Lubumbashi, Hewa Bora. Haya yametokea kwetu nyumbani, sijaongeza chumvi.

Baba yangu ni mstaafu wa reli. Mama yake alipofariki, treni ya Baba ilikwama porini. Alipofika, matanga yalikuwa yamekwisha. Jambo hilo halijamtoka moyoni hadi leo.

Bibi alizikwa mbele ya Kambove, kando ya ziwa dogo lililo katikati ya vilima, chini ya muyombo. Huo ni mti wa ukoo, umri wake hakuna anayeujua. Wazee wanalala chini yake, wajukuu wanaenda kuusalimia kwa unga mweupe.

Sisi ni Wakatoliki, hatukwenda.

Mwaka huu Baba akasema anataka kumuaga mama yake kabla magoti hayajagoma kabisa. Basi weekend tukatoka: Baba, Mama, na mimi kwenye usukani.

Sasa, mtu wa Lubumbashi akisafiri kwa gari hawezi kurudi bila makala, yaani makaa ya kupikia bukari, ugali wetu. Ni ugonjwa wetu. Hata hatujafika, Mama akaona magunia kwenye njia ya kuingia kijijini, akaniamuru nisimame.

"Mama, iyi iko ya muti ya zamani sana," muuzaji akamwambia. "Bukari inaiva, na moto inabakia."

Tukapakia gunia.

Ziwa ni zuri, sikatai. Maji yametulia, miti mikubwa bado imesimama ng'ambo. Ila pale penye muyombo tulikuta kisiki, na kando yake tanuru la udongo bado lina joto.

Mwanamke aliyekuwa akilima karibu akatusogelea.

"Papa, hatukuonaka muntu kuya kusalimia. Tuliwaza ile muti haina benyewe. Makala balishapeleka pa barabara."

Baba akageuka, akaliangalia gari. Mama akashika mdomo.

Nilidhani atafoka. Alinyunyiza unga juu ya kisiki, akapiga magoti, akasali Salamu Maria, akarudi garini.

Gunia lilikaa barazani wiki nzima, hakuna aliyethubutu kuligusa.

Jumamosi Baba akaita ndugu wote. Akawasha mbabula, jiko letu la makala, kwa mkono wake mwenyewe.

"Leo iko matanga ya mama," akasema. "Mimi nilikawia. Mukule."

Tukala bukari na samaki. Nililia, siwafichi.

Somo nililopata ni kwamba mti usiotembelewa unaonekana hauna wenyewe.

Na nyie, mti wa kwenu mara ya mwisho mliuona lini? Semeni ukweli.