Bata Aliyemeza Picha za Watu Themanini na Wawili

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi: ndivyo nilivyotangaza mbele ya studio yangu ya picha, kule Katuba, asubuhi moja ninayoikumbuka kama ya jana. Na nilikuwa na haki ya kujisifu, mwanangu. Shule niliiacha darasa la tano. Miaka sita nilihesabu magunia ya unga mpakani Kasumbalesa, kila lori nikilipanda mwenyewe, na hakuna dereva aliyenidanganya hata gunia moja. Kwa jasho hilo nilinunua kompyuta, ya kwanza katika barabara yetu nzima, na kuitumia nikajifundisha mwenyewe.

Mji ulikuwa katika wakati mbaya. Kampuni kubwa ya shaba ilikuwa imeanguka, na wazee waliokuwa wamezeeka humo wakarudishwa nyumbani. Ili kupata malipo ya mwisho, kila mmoja alitakiwa kupeleka dosie, yaani faili la karatasi zake, yenye picha kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Anayechelewa, jina lake linafutwa. Basi wakapanga mstari kwangu. Studio ilikuwa na koti moja na tai moja. Huyu anavua, yule anavaa, mpaka koti lile likajua njia lenyewe. Ilipofika Jumatano nilikuwa na sura za watu themanini na wawili ndani ya mashine, nikingoja wino wa kuchapia uvuke mpaka wa nchi, ndipo nizitoe zote kwa pamoja.

Mashine ile niliunganishiwa na Muzee Kalenga, fundi aliyestaafu kutengeneza simu za reli. Mwezi mmoja kabla ya hapo aliniletea CD.

"Programu yako ya kutengeneza picha iko na tundu," aliniambia. "Benye kuitengeneza bameshaliziba, dawa yake iko humu. Weka hii leo, usingoje kesho."

Nilizunguka kompyuta pande zote, tundu sikuliona. CD iling'aa vizuri, nikaitundika mlangoni kwa uzi ivutie wateja.

Jumatano hiyohiyo mteja nisiyemjua akaniachia disketi, zawadi: fremu ya picha za harusi, maua ya waridi na bata mweupe mwenye shingo ndefu. Wapiga picha wa siku zile tulikuwa wagonjwa wa fremu, usituulize kwa nini. Nikaifungua. Programu ikakwama, ikajifunga. Nikaipiga mashine kofi, nikaiwasha tena, nikaenda kula.

Alhamisi wino ulifika. Wa kwanza mstarini alikuwa Tata Mwape, mzee wa tanuru. Karatasi ikatoka polepole: maua kwanza, kisha shingo.

"Njo nini hii?" akauliza Tata Mwape.

"Ngoja, Tata, mashine bado haijaamka vizuri."

Nikatoa ya pili. Bata. Ya tatu. Bata. Nikafungua moja baada ya nyingine. Watu themanini na wawili, bata themanini na wawili.

Tata Mwape alisogeza karatasi mbali na macho yake. "Miaka makumi tatu na moja mbele ya moto, leo mi niko bata?"

"Lakini shingo iko yako!" mtu akasema nyuma, na mstari wote ukacheka.

Yeye hakucheka. "Kesho saa sita, mwana. Ile pesa njo chakula ya batoto. Bata ataenda kunipokelea?"

Nikamwita Muzee Kalenga. Alitazama mashine, akatazama disketi, halafu akatazama CD yake ikizunguka mlangoni. Huko ndiko macho yake yalikokaa muda mrefu zaidi.

"Virusi," nikasema. "Lakini ilikuwa picha tu, Muzee! Karatasi inaweza kuuma muntu?"

"Weye, kule Kasumbalesa, dereva akisema ameleta magunia kumi, ulikuwa unasaini bila kupanda lori?"

"Hata siku moja!"

"Programu yako inasaini. Picha ikiingia, inataja ukubwa wake, na programu inaitengea nafasi ya kiasi hicho katika kumbukumbu ya mashine. Hii ilisema ni ndogo, halafu ikamwaga kubwa. Programu haikupima. Ikajaza, ikafurika, mpaka pale inapoweka maagizo yake yenyewe ya kazi. Na kile kilichofurika kilikuwa maagizo ya yule aliyekutumia bata: futa kila picha, weka yangu. Mashine ikatii." Akakata uzi, akaifuta CD kwa shati lake. "Dawa ilikuwa inakugonga kichwa kila ukiingia, bwana mkubwa."

Aliiweka CD ile, na tundu likazibwa. Lakini sura za watu hazikurudi, na kuanza upya kwa mashine ile saa zisingetosha. Nikaenda kwa Kabwe, mpiga picha wa zamani, mwenye kamera inayotoa picha hapohapo. Nilikuwa nimemcheka mbele ya watu mwaka mzima.

"Studio ya kisasa inatafuta nini kwa muntu ya zamani?" akauliza. Kisha akataja bei: dola tatu kwa kila kichwa. Sikubisha.

Tulipiga picha mpaka Ijumaa asubuhi. Tata Mwape akataka kuwa wa mwisho, ili aone kwanza kama wenzake wanatoka watu. Alipopokea yake aliikagua sana. "Iko mi," akasema, akakimbia na dosie yake huku amevaa koti langu. Sikumwita. Wote themanini na wawili walipokelewa.

Mwanangu, kitu usichoweza kuona ndani yake usiseme hakina tundu. Waliokitengeneza wakisema lipo, lizibe siku hiyohiyo. Picha ya usiyemjua usiifungue kwa tamaa ya maua, na sura za watu waliokuamini ziwekee nakala mahali pengine. Mungu akupe sikio linalotangulia mdomo wako, na kila utakayempiga picha atoke mtu.

Mimi somo hili nililipa dola mia mbili arobaini na sita, na koti.