Salamu kwa Gia ya Pili

Nilipofika Chemba, cheti changu cha chuo kikuu kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, nilijua mambo mengi kuhusu mapafu ya ng'ombe na sikujua lolote kuhusu pikipiki. Ofisi ya mifugo ilikuwa na vyumba viwili, mkuu mmoja, mama mmoja mpiga chapa, na Landrova iliyokaa juu ya mawe. Dereva wake alikuwa amepunguzwa kazi pamoja na wengine wengi wa miaka ile. Magurudumu nayo yaliondoka baadaye, bila barua. Madukani kulikuwa kumeanza kujaa redio na majaketi ya mitumba, ofisini kulikuwa kumeanza kubaki viti. Mimi mwenyewe nilivaa jaketi la mitumba lenye maandishi ya kigeni mgongoni, na nilipoteza jioni nzima nikijiuliza kama ni matusi.

"Ipo pikipiki," mkuu aliniambia wiki ya kwanza. "Watu wa mradi waliiacha. Wewe umesoma, utaiweza."

Niliikuta imeegemea ukuta wa stoo, nyuma ya magunia ya mashudu, na kuku alikuwa ameatamia juu ya kiti chake. Ilikuwa haijawashwa kwa miaka miwili. Niliifuta vumbi, nikaitia petroli mpya, nikapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Ikawaka. Nikapanda kwa fahari, nikabana klachi, nikatia gia ya kwanza. Pikipiki iliruka mbele kama mbuzi aliyepigwa jiwe, kisha ikazima, mimi nikiwa nimelikumbatia tangi.

"Bwana mifugo," mama mpiga chapa aliita kutoka dirishani, "hiyo wenzako huwa wanaikalia kitini."

Nilijaribu tena. Ikaruka tena. Nikibana klachi au nisipoibana, ilikuwa mamoja: ukitia gia, inaondoka na wewe.

Mtu mwingine angemtafuta fundi siku ileile. Mimi nilichukua daftari. Niliandika kwamba tatizo linaweza kuwa kwenye waya wa klachi, au ndani ya injini, au kwa mwendeshaji. Nilianza na waya. Niliufungua na kuupaka mafuta yangu ya kujipaka, kwa kuwa grisi haikuwapo, nikaurudisha. Ukawa unateleza vizuri na kunukia, na pikipiki ikaruka vilevile. Nikamgeukia mwendeshaji. Huenda vidole vyangu vilikuwa dhaifu kwa sababu ya miaka mingi ya kushika kalamu. Kwa jioni mbili nilikaa chumbani nikikamua soksi iliyojazwa mchanga, ili kuimarisha mkono wa kushoto. Pikipiki haikujali.

Ikabaki injini, na injini niliiogopa. Kwa hiyo nikaandika dokezo kwa mkuu, aya nne, lenye kichwa cha habari "Kushindwa Kuachia kwa Klachi ya Pikipiki ya Ofisi." Mama mpiga chapa alilipiga chapa nakala tatu, akaliweka kwenye jalada, akalipeleka chumba cha pili, ambako ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilimsikia mkuu akikoroga chai yake. Jibu lilirudi kesho yake, limeandikwa pembeni mwa aya yangu ya kwanza: "Muone fundi."

Fundi alikuwa wa baiskeli, karibu na uwanja wa mnada. Hakuinuka.

"Ilikaa?" aliuliza.

"Miaka miwili."

"Pleti zimegandana. Ndani ya klachi mna pleti zimepangwa, zikikaa sana bila kazi zinashikana kama chapati zilizolala. Ukibana, hazitengani."

"Kwa hiyo tuifungue?"

"Ya nini? Iwashe, watu wakusukume, ikishaanza kutembea utie gia. Nenda nayo hivyohivyo ipate moto. Halafu ubane klachi, usiachie, ukanyage breki kwa nguvu. Zitaachana."

"Na zisipoachana?"

"Utaanguka," alisema, akarudi kwenye spoku zake.

Maelezo yale yalinisumbua kwa ufupi wake. Chuoni hakuna jambo lililowahi kuelezwa kwa pungufu ya mihadhara mitatu. Nikaandika kwenye daftari, "Maoni ya fundi: yachunguzwe zaidi," na nikaendelea kutembea kwa miguu.

Kisha chanjo ikaja. Ilikuwa chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe, imeletwa kwa basi kutoka Dodoma mjini ndani ya kasha lenye barafu, na mkuu akanipa kijiji changu cha kwanza peke yangu. Mwaka uliotangulia wafugaji wa kijiji kile walikuwa wameambiwa wazuie ng'ombe nyumbani, wakawazuia mchana kutwa, ng'ombe wakilia kwa njaa, na hakuna mtu kutoka ofisini aliyetokea. Safari hii walikuwa wamekubali kwa shingo upande.

"Wakikosa tena leo," mkuu alisema, "usihangaike kurudi kule na sindano. Hawatakuletea hata ndama. Na barafu hiyo ni ya mpaka saa nane hivi, tena ukiwa hulifunguifungui kasha."

Kijiji kilikuwa mbali kuliko miguu yangu. Nililifunga kasha nyuma ya kiti kwa mpira, nikaiwasha pikipiki. Mkuu, mama mpiga chapa na wauza mkaa wawili waliokuwa wanapita wakanisukuma. Ilipoanza kukimbia nikakanyaga gia, ikashtuka, ikashika, nikaondoka. Nyuma yangu nilisikia wakishangilia. Sikugeuka. Nilikuwa nimetia gia ya pili na sikuwa na nia ya kugusa kitu kingine chochote.

Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, migunga pande zote, na upepo wa kiangazi ukinitia mchanga machoni. Nilichanganua hali yangu. Kusimama ningeweza: ningetoa gia, ningefunga breki. Kuondoka tena ndiko kulikokuwa tatizo, kwa kuwa ningehitaji watu wa kunisukuma. Hitimisho likawa kwamba nisisimame mpaka nifike. Maoni ya fundi niliyaahirisha, kwa sababu nililikumbuka lile neno lake la mwisho, na nyuma yangu kulikuwa na chupa za kioo.

Ndipo nilipomwona mzee.

Alikuwa amesimama mahali malori ya mkaa yanapogeuzia, pamepanuka kama uwanja mdogo, fimbo mkononi na shuka begani. Aliponisikia alijitokeza barabarani na kunisubiri, kama mtu anavyosubiri mgeni anayejua adabu. Kule mtu hampiti mkubwa kwa kupunga mkono. Unashuka, unamsalimu, anaitikia, mnaulizana habari za nyumbani, watoto, mifugo, mvua, kisha ndipo mtu ana ruhusa ya kuwa na haraka. Hata mimi niliyelelewa kwingine nilikuwa nimelijua hilo ndani ya wiki moja.

Nilikuwa na muda wa kufikiri, na hilo ndilo lililoniponza. Nikisimama, nani atanisukuma? Yeye? Nimwamkie mzee halafu nimwambie asukume? Nikimpita, nitakuwa nimemdharau. Akili yangu yenye cheti ikatafuta njia ya katikati, ikaipata: ningezunguka.

Nikakata kulia, nikaanza kumzunguka polepole kwa gia ya pili.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba," alisema, akigeuka kunifuata.

Nilirudi mbele yake. "Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Simama basi."

Duara jingine. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Kijana, simama."

"Siwezi mzee, klachi!" Nilikuwa nimeshampita. Nikaja tena. "Mifugo je?"

Mzee, kwa adabu ya mtu ambaye hawezi kumpa msalimiaji kisogo, alikuwa anageuka nami mzunguko kwa mzunguko, vumbi likimpanda mpaka kiunoni. Kwenye swali la mvua alipepesuka na kushikilia fimbo kwa mikono miwili.

"Wewe!" alifoka. "Mimi ni nguzo? Umenifunga kamba?"

"Samahani mzee! Nawahi chanjo!" Nikatoka kwenye duara langu na kushika barabara, nikijiambia kwamba kwa vyovyote vile salamu ilikuwa imekamilika. Swali moja tu ndilo nililoliacha, la afya yake mwenyewe.

Nilifika kijijini jua likiwa bado halijapanda sana. Ng'ombe walikuwepo. Wengi mno, kundi baada ya kundi, na baadhi wakiwa wamelala katikati ya barabara, kwenye mteremko, mbele ya gurudumu langu. Hapo hapakuwa na nafasi ya kuzunguka. Nilibana klachi kwa nguvu zote za mkono uliokamua soksi, nikafunga breki zote mbili, nikafumba macho.

Tak! Kama kijiti kikavu kilichovunjika ndani ya injini.

Nilipofumbua macho pikipiki ilikuwa imesimama, haijaanguka, injini ikinguruma taratibu, gia ikiwa ndani. Ng'ombe mmoja alikuwa akininusa goti. Siku tisa za uchunguzi, dokezo la aya nne, na dawa ilikuwa ni kuogopa kwa dhati mara moja. Nilibaki nimebana klachi kwa muda, nikihofia kwamba nikiachia itabadili mawazo.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja mbio, akanipokea, akanionyesha njia ya miti waliyoijenga kwa ajili ya kubania ng'ombe. Nililitoa kasha. Barafu ilikuwa bado vipande vya ukubwa wa ngumi. Nikasema tuanze.

"Tunamsubiri mwenye kundi kubwa," alisema mwenyekiti. "Yeye ndiye huanza. Alikuja kukupokea njiani, hamkukutana?"

Nikainama na kuanza kuhesabu sindano.

Mzee alifika baada ya muda mrefu, kwa miguu, mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye nyusi. Alimtazama mwenyekiti, akaninyooshea fimbo.

"Huyu ndiye? Huyu amenizunguka kule kama nzi anayezunguka kibuyu cha maziwa. Anauliza watoto, anaondoka. Anauliza ng'ombe, anaondoka."

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Kijana mmoja wa kundi la pembeni akaanza kuzunguka akinguruma kwa mdomo. Mimi niliinama mbele ya mzee, nikaanza upya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akaegemea fimbo, akisubiri yote. Nikayauliza yote, na yeye akayajibu yote, kwa urefu: mke mkubwa na mguu wake, mjukuu aliyeko shule, fahali aliyevunjika pembe, kisima kilichokauka. Kila alipofika mwisho wa jambo mkono wangu ulikwenda kwenye kasha kupapasa kama bado ni baridi.

"Mbona unalishikashika hilo sanduku?"

"Barafu mzee. Ikiisha, dawa inakufa."

"Na ulipokuwa unazunguka, ilikuwa haiyeyuki?"

Watu walicheka tena. Niliomba radhi, nikamweleza habari za pleti, nikaongeza na chapati zilizolala. Alisikiliza mpaka mwisho, na sura yake ikalegea kidogo, lakini alikwenda kukaa juu ya gogo.

"Waanze wengine," alisema. "Mimi bado nina kizunguzungu."

Mwenyekiti aliniambia kwa sauti ya chini nisibishane. Tukaanza. Nilichoma sindano mpaka kidole gumba kikavimba. Kundi likitoka jingine likiingia, ng'ombe wakipigwa alama ya rangi mgongoni na kuachiwa kwenda malishoni, na vumbi lao lilipotulia lilikuwa limebaki kundi moja, kubwa, la mzee. Akainuka, akatingisha kichwa kama anayehakikisha dunia imetulia, akaamuru waingizwe.

Nilifungua kasha. Mlikuwa na maji. Chupa mbili za mwisho zilikuwa zinaelea. Nilitia mkono: maji yalikuwa na joto la chai iliyosahaulika.

Hapo sikuwa na daftari. Chanjo iliyokufa haibadiliki rangi wala harufu. Ningeweza kuichoma, ng'ombe wangepakwa rangi, mzee angeridhika, na ofisini ningeandika kwamba kazi ilikamilika. Hakuna mtu pale ambaye angejua isipokuwa mimi, mpaka siku ng'ombe wa mzee watakapoanza kukohoa na wa wenzake wasikohoe. Niliigeuzageuza chupa kwa muda mrefu kiasi kwamba mwenyekiti aliniuliza kama naumwa.

"Mzee," nilisema, "dawa ya ng'ombe wako imeharibika. Barafu imeisha. Siwezi kuwachoma kwa hii."

Ng'ombe wake walikuwa wamesimama na njaa tangu asubuhi, kama mwaka ule mwingine. Nilizifungua chupa mbele yake, nikamwaga chini, kwa sababu nilijijua: zingebaki nzima ningeendelea kuzifikiria.

Mzee aliangalia udongo ukinywa dawa yake. Aliangalia ng'ombe. Akaniangalia mimi.

"Wangeumwa?"

"Ungeamini wako salama, na wasingekuwa wamekingwa."

"Utarudi lini?"

"Alhamisi. Basi likileta barafu, Alhamisi asubuhi."

Alitafakari, akawapigia vijana wake mluzi wawafungulie ng'ombe waende.

"Nitawazuia Alhamisi," alisema. "Lakini wewe uje kwa miguu."

"Mzee, ni mbali, na pikipiki sasa inasimama vizuri kabisa, ngoja nikuonyeshe..."

"Kwa miguu," alisema.

Alhamisi niliiacha pikipiki kwenye ule uwanja wa malori, nikaizima na kuifunga kwenye mgunga. Kasha nikalibeba kichwani, maji ya barafu yakinitiririkia shingoni, mpaka nikamwona mzee akinisubiri kwa mbali. Nikaharakisha, kisha nikaogopa kwamba kuharakisha nako ni utovu wa adabu, nikapunguza.